Gari ya zamani inavuja oili: ifuate mpaka ujue inatokea wapi, ndo ununue gasketi

Kitu cha kwanza ukielewe kabla hujalala chini ya gari: pale tone linapodondokea sio pale oili inapotokea. Oili ikichomoka kwenye gasketi (kile kizibo chembamba kati ya vyuma viwili) ya juu inateremka na bloku (mwili wa injini), inafuata ukingo, inakutana na kichwa cha bolti inakizunguka, gari ikiwa barabarani upepo unaisukumia nyuma, mpaka inafika kona ya chini kabisa ya injini au ya gia boksi ndo inaachia. Wewe unaona tone limening'inia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), unasema sampu hiyo, unanunua gasketi ya sampu, unafungua bolti zote zile, unafunga, na kesho yake doa liko palepale. Watu wengi hela zao zinaishia hapo. Na kwa gari yenye miaka 20 au 30 inakuwa ngumu zaidi maana zinaweza kuwa zinavuja sehemu mbili tatu kwa wakati mmoja na zote zimefunikwa na tope jeusi la miaka yote hiyo.

Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kutafuta, kufunga spana ni kazi ndogo. Kanuni utakayotembea nayo mwanzo mpaka mwisho ni moja: tafuta sehemu iliyolowa iliyo JUU kabisa na MBELE kabisa. Oili haipandi mlima, na ikienda pembeni au nyuma ni upepo au kitu kinachozunguka kimeirusha.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni oili ya injini

Usiku tandika katoni safi chini, ianzie mbele ya injini mpaka chini ya gia boksi. Andika kwenye katoni mbele ni wapi na chora alama tairi zilipo, ili asubuhi ukilitoa usianze kukisia doa lilikuwa upande gani. Katoni jeupe ni bora zaidi maana rangi inaonekana.

Kama ni rangi ya kahawia au nyeusi na inateleza vidoleni, hiyo ni oili ya injini. Ikiwa nyekundu au ina uwaridi basi ni ya gia boksi otomatiki au ya stelingi ya pawa, ila ikizeeka nayo inakuwa kahawia kwa hiyo usiamini rangi peke yake, nusa pia. Oili ya gia boksi ya manyuo na ya difu ina ule ukali wa salfa, ukiunusa mara moja huusahau. Kulanti ina utamutamu kwenye harufu na ikikauka inaacha unga wa rangi. Mafuta ya breki ni mepesi, karibu hayana rangi, na yanakula rangi ya gari. Ukiyakuta hayo achana na habari za oili, gari isitembee mpaka breki zishughulikiwe. Maji matupu chini ya upande wa abiria ni AC tu.

Hapohapo ujue doa linadanganya kwa ukubwa. Matone kama 20 ndo yanafanya mililita 1, yani lita nzima ni matone kama 20,000, na tone moja tu kwenye sakafu linatandaa likaonekana balaa. Kipimo cha kweli ni dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Pima gari ikiwa imepoa na iko sehemu tambarare, andika kilomita, pima tena baada ya kilomita 500 alafu 1,000. Kama inapungua sana lakini chini hamna kitu cha maana, basi ama inaungua ndani (angalia moshi wa bluu kwenye ekzosi, hasa ukiachia akseli kwenye mteremko ukakanyaga tena) au inavuja injini ikiwa inafanya kazi tu. Hiyo ya pili nitaigusa mbele.

Hatua ya 2: pumzi ya injini, hii ndo wengi wanairuka

Nikiambiwa gari inavuja sehemu nne kwa pamoja siendi kwenye gasketi, naenda kwenye pumzi kwanza. Kila injini kuna gesi kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni ikaingia chini kwenye kranki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni). Hiyo gesi lazima itoke, na njia yake kwenye injini nyingi za petroli ni vali ya PCV na mipira yake inayoirudisha kwenye intake (njia ya hewa kuingia kwenye injini) ikachomwe. Vali ikiziba na masizi, au mpira ukilainika ukajikunja ndani, gesi inakosa pa kutokea, presha inapanda, na presha hiyo inaisukuma oili ipite kwenye sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) yoyote iliyochoka. Unaweza kubadilisha sili zote hizo na baada ya muda zikaanza kulowa tena maana kinachozisukuma bado kipo.

Kupima ni rahisi. Washa injini ya petroli ikiwa imepata joto, iache sailensa (bila kukanyaga akseli), fungua kifuniko cha kujazia oili taratibu (kuna injini zinarusha oili pale juu, kaa na kitambaa mkononi na uso mbali), alafu weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo ikang'ang'ania, pumzi iko sawa. Ikipeperushwa, au kuna moshi unapuliza kwa mapigo, presha ipo. Hapo zima, chomoa vali ya PCV uitikise: zile za zamani nyingi zinalia kama kuna kitu ndani kinacheza, kama haina sauti na imejaa gundi nyeusi badilisha tu, huwa sio kitu cha gharama ukilinganisha na vingine. Puliza mipira yake kwa mdomo upande mmoja uone hewa inatoka upande wa pili.

Kwenye dizeli ya zamani kupuliza kidogo ni kawaida. Geuza kifuniko kichwa chini ukiweke juu ya tundu bila kufunga: kikitetemeka tu sawa, kikirushwa chini kabisa basi ama bomba la pumzi limeziba au ringi zimechoka. Kama bomba ni safi, vali ni mpya, na bado inapuliza kwa nguvu, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujaweka hela kwenye sili yoyote.

Angalia pia oili isizidi alama ya juu ya dipstiki. Ikizidi sana kranki inaipiga inakuwa povu na inatafuta pa kutokea.

Hatua ya 3: safisha, na usafishe kweli

Bila kusafisha huwezi kupata kitu, utakuwa unaangalia oili ya mwaka juzi. Injini iwe imepoa, maji ya baridi kwenye ekzosi ya moto yanaweza kupasua chuma. Funika kwa mifuko ya plastiki oltaneta, distributa au koili, na mdomo wa hewa. Tope nene lichokonoe kwanza na kipande cha mbao au skrepa ya plastiki, alafu pulizia dawa ya kuondoa grisi, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, sugua kwa brashi kwenye viungo vyote, suuza kwa maji ya presha ndogo. Mashine ya presha kubwa iache, inasukuma maji ndani ya soketi za umeme na ndani ya sili zenyewe. Petroli usitumie kabisa kusafishia, mvuke wake unaweza kushika moto kwa cheche ndogo tu.

Sehemu ambazo watu wanaziacha chafu ndo zile zinazohitajika: nyuma ya hedi (sehemu ya injini inayokaa juu ya bloku) karibu na ukuta wa kebini, chini ya intake manifoldi, juu ya nyumba ya klachi, na nyuma ya puli ya kranki. Hakikisha hizo zimekauka na ni safi, ukifuta na tishu nyeupe itoke nyeupe.

Hatua ya 4: iache ijionyeshe

Washa, iache ipate joto mpaka feni ianze kuzunguka, endesha dakika kama 15, rudi uangalie na tochi. Mvujo mkubwa utauona hapohapo. Kwa ule wa polepole kuna njia mbili nazozikubali.

Ya kwanza ni poda nyeupe, hata ile ya mwilini inafaa. Ikishakuwa safi na kavu, puliza poda nyembamba kwenye viungo unavyovishuku, mbali na mikanda na mdomo wa hewa, endesha, alafu angalia. Oili inachora mstari mweusi juu ya weupe na ule mstari unaufuata kwa kidole kwenda juu mpaka unapoanzia.

Ya pili ni dai ya UV. Ni rangi inayomiminwa ndani ya oili, mara nyingi mililita 30 hivi zinatosha injini ya lita 4 mpaka 5, ila fuata chupa yako, na hakikisha ni ya oili maana kuna ya kulanti na haziingiliani. Endesha nusu saa au hata siku mbili tatu kama mvujo ni mdogo, subiri giza, mulika na tochi ya UV ukiwa umevaa miwani ya njano, palipovuja panawaka njano ya kijanikijani. Kwenye dizeli yenye oili nyeusi tii dai inafifia, bora uiweke baada ya kumwaga oili na kujaza mpya.

Kioo kidogo cha mkono kinakusaidia sana nyuma ya injini, au kamera ya waya ya kuunganisha kwenye simu. Na tishu nyeupe: ibonyeze kwenye mshono wa gasketi, sogea sentimita chache, bonyeza tena, utaona inapoanza kushika rangi.

Ukiingia chini, gari ikae kwenye stendi, tairi zizuiwe na vigingi. Jeki peke yake sio ya kulalia chini hata kama ni kuchungulia tu. Injini ikiwa inawaka, mikono, shati na nywele mbali na feni na mikanda.

Na kumbuka kuangalia INAVUJA LINI. Kama inavuja injini ikiwa inawaka tu na ikizimwa inakata, shuku upande wenye presha: swichi ya oili (ile inayohisi presha ya oili), filta, nyumba ya filta, bomba la kulisha tabo (turbo). Injini ikipata kasi presha kwenye njia hizo kwa kawaida inafika bar 2 mpaka 5, kwa hiyo katundu kadogo sana kanamwaga oili ya kutosha barabarani na ukiegesha huoni kitu zaidi ya chini kote kulowa. Kama inadondosha taratibu usiku kucha gari ikiwa imezimwa, hiyo ni sehemu ambayo oili inakaa au inapita ikirudi chini: sampu, nati ya kumwagia, sili za kranki.

Hatua ya 5: pita kutoka juu kushuka chini

Anza na kifuniko cha kujazia, kampira kake kakiwa kagumu kama plastiki badilisha. Alafu tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), ambayo ndo namba moja kwa kuvuja kwenye magari ya zamani. Pitisha kidole chini ya mshono wake wote, hasa nyuma na upande wa ekzosi. Chomoa plagi au koili uone kama visima vya plagi vina oili. Ikiwa imo ndani zile sili za mirija ya plagi zimekufa, na dalili yake ni injini kukosakosa na mipira ya koili kuoza. Injini kama 22R ya Toyota na 4G63 ya Mitsubishi zina kizibo cha nusu mwezi kwenye hedi chini ya kava, hicho kinavuja na watu wanalaumu gasketi iliyo juu yake.

Ukitoka hapo nenda distributa kama ipo, ina oringi inayokauka na oili inashuka kwenye bloku upande ule. Swichi ya oili chomoa waya wake: ukikuta oili ndani ya soketi, umeshampata mwizi, inapita katikati ya swichi yenyewe. Filta: hakikisha gasketi ya filta ya zamani haikubaki imeng'ang'ania kwenye bloku ukafunga mpya juu yake, hiyo inamwaga oili yote kwa muda mfupi sana. Injini za BMW za M50, M52 na M54 gasketi ya nyumba ya filta inajulikana kwa kuvuja na oili inashukia kwenye mikanda. Dizeli zenye vakyum pampu nyuma ya oltaneta angalia mipira yake miwili ya oili, na oltaneta ikiwa imelowa ndani usishangae chaji kupotea.

Mbele ya injini, angalia nyuma ya puli ya kranki. Sili ya mbele ikivuja oili inarushwa kwa duara, utaona msitari umepiga kwenye kava, kwenye ubavu wa bodi, hata chini ya boneti. Kwenye injini ya taiming belti, oili ikitoka chini ya kava la taiming fungua uone: inaweza kuwa sili ya kamshafti (shafti inayofungua vali), ya kranki, au oringi ya pampu ya oili. Ukifungua pale badilisha zote tatu na belti yenyewe, kazi ya kufika ni ileile. Puli ikiwa na mfereji pale sili inapogusa, sili mpya nayo itavuja. Unaisogeza ikae milimita moja mbili tofauti na ilipokuwa, kama nafasi ipo, au unavisha puli pete nyembamba ya chuma ya kurekebishia.

Chini kabisa: nati ya kumwagia na washa yake, ile pete ya kuzibia (washa ya kubonyea ni ya kutumika mara moja), nyuzi za sampu ya alumini zilizokufa, na mwisho gasketi ya sampu. Sampu naiweka mwisho makusudi maana kila kitu kilicho juu yake kinaishia kwake.

Nyuma ya injini, hapa tulia

Oili ikionekana inatoka chini pale injini inapokutana na gia boksi, jibu la haraka utakalopewa ni sili ya nyuma ya kranki, shusha gia boksi. Inaweza kuwa kweli. Lakini nimeona gia boksi ikishushwa, sili mpya ikawekwa, na gari ikarudi na mvujo uleule kwa sababu oili ilikuwa inatoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, inashuka nyuma ya hedi mahali ambapo hakuna aliyepachungulia, inaingia juu ya nyumba ya klachi na kutokea chini.

Kwa hiyo kabla hujakubali, weka kioo uangalie JUU ya nyumba ya klachi. Pakiwa pamelowa, chanzo kiko juu: tapeti kava, kizibo cha nyuma cha kamshafti, swichi ya oili kama iko nyuma. Pakiwa pakavu kabisa na poda yako nyeupe haijaguswa, na chini panadondosha, hapo sasa ni ndani. Fungua kile kifuniko kidogo cha chini kama kipo, chukua oili kwa kidole unuse. Ikinuka salfa ni sili ya shafti ya gia boksi, ikiwa nyekundu ni sili ya pampu ya gia boksi otomatiki, ikiwa ya injini basi ni sili ya kranki, au gasketi ya kibebeo cha sili, au kona ya nyuma ya sampu ambayo unaweza kuibadilisha bila kushusha gia boksi kwenye baadhi ya magari.

Kwa wenye magari ya zamani sana: injini ya A-series ya Morris Minor nyuma ya kranki haina sili ya mpira, ina mifereji iliyochongwa kwenye shafti inayorudisha oili ndani injini ikizunguka. Kulowa kidogo pale ndo maumbile yake, na pumzi ikiziba inamwaga.

Ukishaipata: mfano wa tapeti kava

Ni kazi unayoweza mwenyewe na ndo inayoharibiwa zaidi kwa nguvu. Ondoa kava, safisha pande zote mbili na skrepa ya plastiki, oili na gundi ya zamani isibaki hata kidogo. Weka rula ya chuma kwenye ukingo wa kava uone kama limepinda, kava za bati hupinda kwenye matundu ya bolti kwa sababu ya kukazwa sana, unaligonga taratibu likanyooka juu ya kitu tambarare. Gasketi ya mpira inawekwa kavu. Silikoni ni tone dogo tu kwenye kona, pale nusu mwezi au kava la taiming linapokutana na hedi. Ukipaka silikoni nene mzunguko mzima, inayobanwa kwenda ndani inakatika, inaanguka kwenye sampu na kuziba strena (chujio) ya pampu ya oili, na hapo umeua injini kwa sababu ya mvujo wa matone. Badilisha na mipira ya chini ya vichwa vya bolti. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili. Injini nyingi hapo zinataka Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 mpaka 10 tu, yani shika spana karibu na kichwa chake kwa vidole, angalia kitabu cha gari yako. Silikoni iache ikauke muda ulioandikwa kabla hujawasha.

Dawa za kuzuia mvujo zinazomiminwa kwenye oili zinalainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, kwa hiyo sili iliyokaukiana inaweza kupata nafuu kwa muda. Gasketi iliyokatika, swichi iliyopasuka au shafti yenye mfereji haziwezi kuzitibu.

Ipi ya leo na ipi inaweza kusubiri

Oili inayodondokea ekzosi ni ya leo, inanuka na kufuka moshi na inaweza kuwasha moto. Inayolowesha taiming belti ni ya leo, belti inavimba na kukatika, na kwenye injini ambazo vali zinagonga pistoni hapo umeshavunja hedi. Swichi au filta inayochuruzika ni ya leo, maana oili inaweza kuisha ukiwa njiani. Inayoingia kwenye klachi usiichelewe. Ila jasho, yani kiungo kimelowa kina vumbi limeganda lakini hakidondoshi na dipstiki haishuki, kwenye gari ya umri huo unaweza kuishi nalo, safisha na uendelee kupima.

Ukishafunga, osha tena sehemu ile yote, puliza poda upya, endesha kilomita 50 mpaka 100 uangalie, alafu rudia ikifika 500. Ikilowa tena palepale usikaze bolti zaidi. Rudia kipimo cha karatasi kwenye tundu la oili, na kama pumzi ni safi fungua uangalie ubapa wa kava na wa hedi kwa ile rula.